Siku "Koti la Marehemu" Lilipofika Homa Bay

Siku mliyoniaga kwa chai na keki, mmoja wenu aliniuliza nilisomea wapi utayarishaji wa michezo ya jukwaani. Nilicheka hadi chai ikamwagika. Kusomea ni kwenu nyinyi watayarishaji wa siku hizi. Mimi niliingia katika kazi hii kama mtu anavyotumbukia mtaroni: nilikuwa napita tu. Lakini kwa kuwa mliuliza, na kwa kuwa sasa nimestaafu na sina ukumbi wa kuhangaikia, acha niwaeleze ilivyokuwa. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "wewe dada," na mshahara ulilingana nacho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Migori. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili, nikaajiriwa kupiga taipu katika duka moja karibu na soko, barua za maombi ya kazi na kadi za harambee kutwa nzima. Siku moja akaja Mwalimu Ojwang', aliyefundisha Kiswahili katika shule ya upili nje ya mji. Alikuwa na mswada wa mchezo wa kuigiza alioandika kwa mkono, na mwandiko wake ulikuwa kama wa daktari mwenye haraka. Mchezo uliitwa *Koti la Marehemu*. Ulihusu mjane anayekataa kurithiwa na shemeji yake, jambo ambalo kwetu huitwa *tero*. Shemeji anakuja na koti lake, anataka kulitundika kwenye msumari ndani ya nyumba, maana koti likishatundikwa, mwenye nyumba ni yeye.

Nilipomaliza kupiga ukurasa wa mwisho nilimuuliza, "Mwalimu, hii mchezo itachezwa wapi?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza mvua itanyesha wapi. "Mahali patapatikana."

"Na nani atatafuta?"

Akazikusanya karatasi zake, akasema, "Wewe unaonekana ni mtu wa mpango."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Onyesho la kwanza tulilipeleka Awendo, mji wa sukari. Mwalimu alichagua Jumamosi bila kuniuliza. Sasa, hata mtoto wa Awendo anajua kwamba Jumamosi nusu ya mji iko kanisani, maana Wasabato ni wengi. Viti tulikuwa tumeahidiwa na shule ya msingi iliyo karibu. Nilipofika kuvichukua nikakuta lango limefungwa, na mwenye ufunguo yuko Sabato, ndani kabisa, safu ya mbele, anaimba. Nilisimama nje ya kanisa nikimwonyesha kwa ishara kupitia dirishani. Alinipungia mkono kwa upole wa Kikristo na kuendelea kuimba.

Kwa hiyo watazamaji wakasimama. Walikuwa wakata miwa, madereva wa trekta na akina mama wachache waliotoka kununua mboga. Jenereta ililetwa na mwenyewe kwa mbwembwe nyingi, ila bila mafuta. Ouma, aliyeigiza shemeji, alikuwa ameenda kula na hakusema ameenda kula wapi. Viti pekee ukumbini vilikuwa vitatu vya jukwaani, vile vya nyumba ya mjane. Tulipoanza, mzee mmoja aliyechoka kusimama akapanda jukwaani, akaketi kwenye kimoja, akanyoosha miguu. Tulimbembeleza kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Akasema yeye hatoki, yeye amelipa. Basi waigizaji wakacheza wakimzunguka mchezo mzima, na watu wengi walirudi nyumbani wakiamini kwamba ndiye marehemu.

Mwalimu Ojwang' alifurahi sana. Alisema ile picha ya marehemu aliyekaa kimya katikati ya ugomvi wa walio hai ilikuwa na maana nzito. Mimi nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikawaza kurudi kwenye taipu yangu. Aliyeigiza mjane siku hiyo ndiye aliyerudi, si kwenye taipu bali kwa mumewe, ambaye alisema hataki kumwona mke wake mjane na yeye angali mzima. Sikuweza kumlaumu mtu kwa hilo.

Jumatatu yake nilienda kwa Bi Rukia. Huyu alikuwa mke wa mfanyabiashara wa nguo katikati ya mji, mzaliwa wa Mombasa, na yeye mwenyewe alikuwa na biashara ya kukodisha viti, turubai na sufuria kubwa za arusi na matanga. Nilimwambia, "Bi Rukia, nataka viti yako kwa ajili ya mchezo."

"Viti vyangu," akasema.

"Ndiyo, viti yako."

"Vyangu, mwanangu. Viti vyako, viti vyangu. Wewe na huyo mwalimu wako mwataka kuwachezea watu Kiswahili na hamkijui?"

Sisi wa Migori tulikuwa tukisema viti yangu na meza yangu, na mambo yetu yalikwenda bila matatizo. Lakini Bi Rukia alikataa kukodisha hata kiti kimoja mpaka niseme sawasawa. Aliendelea hivyo kwa miaka yote niliyomjua. Mkiona leo nimeandika sentensi inayosimama, mshukuruni yeye.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwahi kuona mchezo wa kuigiza maishani mwake, na hakuwa na hamu ya kuuona, ila alikuwa ameandaa arusi na matanga mengi kuliko padri. Alinitaka niende mwenyewe kuona ukumbi, saa ileile ya onyesho, nione jua linapiga upande gani na mbuzi wa nani hupita hapo. Alinifunza kuuliza nani ana ufunguo, na akisafiri anamwachia nani, na huyo naye dini yake ni ipi. Na kabla ya kutangaza tarehe yoyote, niulize nani amekufa. "Matanga hayapigani na mtu, mtu akashinda," alisema. Kwetu ilikuwa kweli tupu. Kama kuna mazishi makubwa upande ule, hata ukileta bendi kutoka Kinshasa utawachezea kuku.

Nilidhani viti ndiyo shida kubwa. Bado nilikuwa sijafika kwenye ofisi ya serikali kuomba kibali.

Siku hizo hungeweza kukusanya watu uwanjani au ukumbini bila karatasi yenye muhuri. Siasa ilikuwa moto, vyama vipya vilikuwa vimekuja, na kila mkusanyiko ulidhaniwa una jambo chini ya meza. Karani wa hapo alisoma mswada wetu huku akinywa chai, polepole kama anasoma wosia. Alipofika kwa chifu aliyemuunga mkono shemeji, akaweka kikombe chini.

"Huyu chifu ni chifu gani?"

"Ni chifu wa mchezo, mkubwa."

"Lakini ni wa wapi?"

Nilirudi kwa Mwalimu Ojwang', akambadilisha chifu akawa mzee wa kanisa. Watu wa kanisa wakasikia, wakaja kulalamika. Tukamfanya mganga. Karani akasema mganga ni sawa, ila alikuwa na jirani mganga ambaye angeweza kuudhika. Mwishowe mhusika huyo akawa "mgeni kutoka mbali," ambaye hakuna aliyejua kwa nini anaingilia mambo ya boma la watu. Muhuri ukagongwa. Mwalimu Ojwang' hakuongea nami siku kadhaa, kana kwamba mimi ndimi serikali.

Mjane mpya tulimpata kwenye cherehani. Aliitwa Jenifa Adoyo, fundi wa nguo pale sokoni Migori, naye alikuwa akitushonea mavazi ya mchezo. Aliomba asome sehemu ya mjane ili ajue amshonee nguo ya namna gani. Akaanza kusoma chini kwa chini, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Kisha mguu ukasimama. Akaendelea kusoma, sauti ikipanda, hadi mama aliyekuwa akiuza ndizi pembeni akageuka kumtazama. Mwalimu Ojwang' alinifinya mkono hadi nikaumia.

Adoyo mwenyewe alikuwa mjane. Mume wake alikuwa dereva wa lori la miwa, na alikufa kwa ugonjwa ule ambao siku hizo watu waliuita kwa majina yote isipokuwa jina lake. Wengine walisema ni *chira*, laana ya kuvunja mwiko. Nyumba yake ya ndoa na shamba vilikuwa nje kidogo ya Homa Bay, kwa wakwe. Kaka wa marehemu, Shem Odero, alikuwa amemwambia wazi kwamba ama arithiwe ama aache nyumba. Adoyo alifunga nyumba kwa kufuli, akaja Migori na watoto, akaanza kushona. Hayo yote alituambia kwa sentensi mbili, akiwa na pini mdomoni, kisha akauliza nguo ya mjane iwe na mikono mirefu au mifupi.

Naye Adoyo, msidhani alikuwa malaika. Alichelewa mazoezi, alibishana kuhusu viatu, na alikataa katakata kusafiri upande ambao jua linampiga. Lakini akipanda jukwaani hata Ouma alikumbuka maneno yake, na Ouma alikuwa mtu wa kusahau hata jina la mtu anayemwigiza.

Tulipeleka mchezo Kegonga, kwa Wakuria. Nilikuwa na wasiwasi kwamba Kiswahili chetu chenye Dholuo ndani yake kitachekwa, na kweli kilichekwa. Walicheka hadi pale shemeji anapolitoa koti mabegani. Hapo bibi mmoja akasimama katikati ya watu akamwambia Ouma, "Wewe! Rudi kwako! Msumari si wako!" Ouma, kwa woga, akageuka kweli kuondoka. Ilibidi Mwalimu Ojwang' amnong'oneze kutoka nyuma ya pazia kwamba mchezo haujaisha. Nilicheka, lakini nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona Awendo. Watu hawa hawakuwa wakitazama. Walikuwa kwenye kesi.

Baada ya Kegonga ndipo mwaliko wa Homa Bay ulipokuja, kutoka kwa kikundi cha akina mama cha pale mjini. Mwalimu Ojwang' akakubali papo hapo. Mimi nilienda kwa Adoyo.

"Homa Bay ni kwenu," nikamwambia. "Watasikia."

"Wamesikia tayari, dada. Redio ya kwetu ni midomo ya watu."

"Na utaenda?"

Akakata uzi kwa meno. "Nikae upande usiopigwa na jua."

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Ukumbi ulikuwa mzuri, viti vilikuwa vimepangwa, na hakukuwa na mazishi makubwa, nilikuwa nimeuliza kila mtu hadi wakaanza kuniogopa. Jenereta ilikuwa na mafuta. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo peke yake lilitosha kunitahadharisha.

Watu walipokuwa wakiingia nikaona wanaume wanne wakija moja kwa moja kwangu. Aliyetangulia alikuwa kijana aliyevaa suti, uso umefanana na picha ya marehemu mume wa Adoyo niliyowahi kuiona. Nyuma yake kulikuwa na wazee watatu, mmoja wao mrefu, mwenye fimbo na kofia ya sufu.

"Wewe ndiye mwenye mchezo?" kijana akauliza.

"Mimi ndiye mtayarishaji."

"Mimi ni Shem Odero. Huyo mwanamke mliye naye ndani ni mke wa boma letu. Hatutaki atuaibishe mbele ya watu. Funga hii kitu."

Nilimtafuta Mwalimu Ojwang' kwa macho. Dakika iliyopita alikuwa amesimama kando yangu. Nikaambiwa ameenda kutafuta waya. Mpaka leo sijajua ni waya gani. Nikamwendea askari aliyepangwa mlangoni, nikamweleza. Akawaangalia wale wazee, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, hii ni maneno ya nyumbani. Ongeeni muelewane." Kisha akasogea kivulini. Kibali tulikuwa nacho, muhuri tulikuwa nao, tulikuwa tumemgeuza chifu mara tatu kwa ajili ya serikali, na siku serikali ilipotakiwa ikaenda kivulini.

Nikawaomba wale wazee wanisubiri kidogo, nikaingia nyuma. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya mifagio na ndoo. Adoyo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekwisha vaa nguo ya mjane.

"Wamekuja," nikasema.

"Nani na nani?"

"Shem, na wazee watatu. Mmoja mrefu, ana kofia."

"Huyo ni Jaduong' Nyakwaka. Mjomba wa marehemu." Kwetu jaduong' ni mzee wa kuheshimiwa. Akaiweka mikono chini ya mapaja akaikalia. "Wanataka nini?"

"Tufunge. Na Adoyo, ukitaka tunafunga. Nitatoka niseme jenereta imekufa. Kila mtu ataamini, jenereta yetu inajulikana mpaka Isebania."

Nilimaanisha. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira na kila mwanamume aliyekuwa kwenye ukumbi ule, pamoja na aliyeandika mchezo. Hakukuwa na mchezo duniani uliostahili mtu apigwe kwa ajili yake.

Adoyo alitikisa kichwa. "Hapana, dada. Nyumbani nikifungua mdomo wananiambia nyamaza. Hapa wao wakifungua mdomo, wataambiwa nyamaza." Akainuka, akajipangusa. "Waingie. Wape viti vya mbele, wazee wasisimame."

Nikarudi nje. Shem alikuwa amekunja mikono. Sikumjibu yeye. Niliinama kidogo mbele ya mzee mwenye kofia, nikamwambia kwa Dholuo kwamba binti yake Adoyo anamsalimu na amemwekea kiti mbele. Mzee akauliza, "Nyar Kanyamkago amesema hivyo?" Kwetu mke huitwa kwa alikotoka, na Adoyo alikuwa wa Kanyamkago. Nikasema ndiyo, yeye mwenyewe. Mzee akampa mwenzake fimbo amshikie, akaingia. Wengine wangefanya nini? Walimfuata.

Mchezo ukaanza. Nilisimama ukutani kando yao. Sehemu za kwanza zilipita salama. Kisha Ouma akaingia na koti, akazunguka nyumba ya mjane akiangalia msumari, na kabla hajaunyooshea mkono, Shem akasimama.

"Adoyo! Shuka hapo! Shuka, twende nyumbani!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Walidhani Mwalimu Ojwang' ameweka shemeji wa pili katikati ya watu, na walipiga makofi kwa ubunifu huo. Shem akageuka huku na huku, jasho linamtoka, akisema, "Mimi si wa mchezo! Mimi si wa mchezo!" na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kucheka. Mama mmoja wa kile kikundi akamwambia, "Keti, baba! Acha mke aongee!" Mwingine akadakia, "Nyamaza!" Na neno hilo likaenea ukumbini, safu kwa safu, nyamaza, nyamaza.

Ouma alikuwa amesahau kila kitu. Alisimama na koti mkononi kama mtu aliyeagizwa sokoni akasahau ameagizwa nini. Adoyo hakumtazama. Alisogea hadi ukingo wa jukwaa, akamkabili Shem, akasema maneno yaleyale niliyoyapiga taipu mimi mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza.

"Shemeji, nilimuuguza ndugu yako hadi pumzi ya mwisho. Hukuja hata kumgeuza kitandani. Leo koti lako limejua njia ya nyumba hii?"

Hakuna aliyecheka. Adoyo alikuwa akilia, lakini sauti haikutikisika.

Shem akataka kupita kuelekea jukwaani. Ndipo Jaduong' Nyakwaka alipomshika nyuma ya suti na kumvuta chini, si kwa nguvu, kama unavyomvuta mtoto anayekuzuia kuona.

"Keti," akasema. "Nataka kusikia mwisho."

Shem aliketi. Dakika chache baadaye aliinuka tena, safari hii kimya, akatoka na hakurudi.

Sasa mwisho wenyewe. Mchezo wa Mwalimu Ojwang' uliishia pale mjane na shemeji wanapotazamana, koti likiwa bado mkononi, na taa zinazimwa. Makofi yalipotulia, Jaduong' Nyakwaka alinijia.

"Nyathina," akaniita, mwanangu. "Huyu mwanamke alibaki na nyumba au hakubaki?"

"Mchezo umeishia pale, mzee."

"Umeishia vibaya. Mtu hawezi kwenda kulala bila kujua."

Mwalimu Ojwang' alikuwa amerudi kutoka kwenye waya wake. Nikamsukumia mzee, nikakaa kusikiliza. Mwalimu akasema, "Jaduong', nikiandika kwamba alibaki nayo, watu watasema ni hadithi ya uongo. Nikiandika kwamba aliondoka, nitakuwa nimewapa ruhusa ya kumfukuza." Mzee hakusema amekubali. Akachukua fimbo yake, akaenda mlangoni ambako Adoyo alikuwa akikunja mavazi. Alisimama mbele yake, na mimi nikajongea karibu, tayari kwa lolote.

"Ile kuuguza," mzee akasema. "Ilikuwa kweli hatukuja."

Adoyo akatazama chini. "Ndiyo, baba. Hamkuja."

Mzee akaitika kwa kichwa, akaondoka. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Safari nzima ya kurudi, kupitia Rongo hadi Migori, Adoyo alikaa upande uliopigwa na jua na hakulalamika.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunajiandaa kwa onyesho kubwa la Migori. Matangazo yalikuwa yamebandikwa, Bi Rukia ametoa viti vyake vyote, yaani vyake, si yake, na alikuwa ameahidi kuja kuketi kwenye kimoja ajionee. Ndipo nikafika sokoni nikakuta cherehani ya Adoyo haipo. Mama wa ndizi akaniambia, "Amehama. Ameenda kwake Homa Bay na watoto."

Hasira niliyoipata siku hiyo naikumbuka mpaka leo. Nilisafiri hadi huko na mswada kwenye mkoba na hotuba ndefu kichwani. Nilimkuta shambani, nyuma ya nyumba ambayo kufuli lake lilikuwa limeondolewa. Alikuwa akipanda mahindi, na mbele yake ng'ombe wawili walikuwa wakilima. Ng'ombe hao walikuwa wa Jaduong' Nyakwaka. Mzee alikuwa amewatuma asubuhi moja na mtu wa kulima, bila salamu wala maelezo. Kabla ya hapo alikuwa amewaita wazee na kuwaambia kwamba nyumba ya mpwa wake haihitaji koti. Shem hakuwa akimsalimia Adoyo, wala wake za mashemeji wengine hawakumsalimia. Akienda kisimani walimpisha kama mtu mwenye upele. Lakini nyumba ilikuwa yake.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda unaostahili, kisha nikamwambia, "Adoyo, onyesho ni Jumapili."

"Najua, dada."

"Basi rudi. Moja tu. Umalize Migori, halafu lima mpaka uchoke."

Alifuta udongo mikononi. "Nimechoka kusema maneno yale mbele ya watu. Niliyasema mpaka yule aliyetakiwa kuyasikia akayasikia. Sasa niyaseme kwa nani?"

Nilijaribu kila njia. Nilimkumbusha Mwalimu, nikamkumbusha wenzake, nikamtisha kwa Bi Rukia. Alinipa uji, akanisikiliza, akakataa. Nilipokuwa nikiondoka alinisindikiza hadi njiani.

"Huyo mtakayempata," akasema, "pale pa kuuguza, mwambie asilie. Mimi nililia yangu. Yeye akilia itakuwa kelele."

Nilirudi Migori nikinung'unika njia nzima. Nilikuwa nimepoteza mwigizaji bora upande huu wa ziwa kwa sababu ya mahindi, na juu yake nimepewa maelekezo ya uigizaji. Mjane mpya tulimpata, msichana aliyemaliza shule mwaka uliotangulia, mwenye sauti nzuri na aliyekuwa tayari kulia hata akiitwa jina. Nilimwambia asilie. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni amri.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bi Rukia aliketi safu ya pili, ushungi umempendeza, akirekebisha ngeli za waigizaji kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini. Pale pa kuuguza, msichana yule alisema maneno yote macho yakiwa makavu, na Bi Rukia akaacha kurekebisha.

Nikatoka nje. Mtu wa mlangoni akaniona, akasimama haraka. "Dada, kuna shida?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo hakuna shida."

Akaniangalia bila kuamini, akanisogezea kiti chake. Nikaketi.